Chupa ya Mlangoni mwa Friji

Bata hakuumia. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa kijiji cha Westerwiel waliloulizia baada ya ajali, na Aafke Dijkema aliwajibu kwa upole kwamba bata ni mzima, vifaranga vyake wazima, na wote walivuka barabara bila hata kugeuza shingo. Mumewe, Gerlof, ndiye aliyekata usukani kuwakwepa. Gari likaacha barabara ya tuta, likashuka kwenye majani, likaingia mferejini taratibu kama mgeni anayevua viatu mlangoni, likiwa na Aafke ndani yake, na gunia dogo la viazi, na mkate wa zabibu kavu uliokuwa bado wa moto. Mkate ulielea. Aafke hakuelea.

Kuanzia hapo alikumbuka vipande tu. Maji yakipanda magotini. Mkanda uliokataa kufunguka. Kiza cha rangi ya kijani. Kisha majani chini ya mgongo wake, na uso wa Gerlof juu yake ukichuruzika maji, ukisema, "Aafke, mkoba wako huu hapa. Nimeuokoa."

Hospitali ya mjini iliwalaza chumba kimoja, pazia katikati. Gerlof alikuwa na mkwaruzo sikioni. Aafke alikuwa amekunywa maji machafu ya kumtosha ndama, na alitetemeka hata chai haikukaa kikombeni. Kesho yake asubuhi akaja nesi wa utafiti, binti mrefu mwenye miwani ya rangi ya karoti, jina lake Marloes. Akavuta kiti.

"Mama Dijkema, pole sana. Nitakueleza kitu, na una ruhusa ya kukataa. Watu wengi wakipata ajali kama yenu, mwili unapona lakini kichwa kinabaki kule kule. Miezi inapita, mtu bado anashtuka, halali, gari hapandi. Sasa madaktari wanajiuliza: je, tukimwahi, tukampa dawa siku hizi hizi za mwanzo kabla hofu haijapiga kambi, tunaweza kuizuia?"

"Dawa yenyewe ni ipi?"

"Ya kupuliza puani, asubuhi na jioni. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza. Mama anaponyonyesha, hicho ni mojawapo ya vitu vinavyomtuliza."

Sauti ya Gerlof ikatoka nyuma ya pazia. "Yaani nikipuliza mimi nitatoa maziwa?"

"Baba Dijkema, nilikuwa nakuja kwako. Na wewe ulikuwa ndani ya gari. Unaweza kujiunga."

"Mimi? Mimi sina kitu, dada. Nimelowa suruali tu. Wape wenye shida."

Marloes akaendelea kueleza, na hapo ndipo Aafke aliposikia kwamba nusu ya wagonjwa hupewa chupa zenye dawa na nusu chupa zenye maji ya chumvi, na hakuna anayejua nani kapata ipi, si mgonjwa, si nesi, si daktari.

"Nielewe vizuri," Aafke alisema. "Mnachukua watu waliotoka kuzama, nusu yao mnawaongeza maji."

"Ni maji kidogo sana, mama."

"Na mimi nilidhani nimeshapata mgawo wangu."

Hata hivyo alikubali. Marloes akamwomba aipe hofu yake alama, kuanzia sifuri mpaka kumi. Aafke akafikiri sana. Mtu aliyesoma shule ya Westerwiel anajua kwamba sita ni alama ya kufaulu, saba ni ya mtoto wa mwalimu, na nane huiletea familia maneno. "Sita," alisema, huku kikombe kikigonga sahani yake kama kwato za farasi. Marloes akakitazama kile kikombe, akaandika alichoona mwenyewe.

"Na wewe, baba? Kwa kujua tu."

"Mbili," alisema Gerlof. "Na moja kati ya hizo ni ya adabu."

Mchana alifika binti yao wa pekee, Froukje, na ilionekana njia nzima alikuwa amekwisha kuwapangia wazazi wake samani.

"Mama, nitasema wazi," alisema, kana kwamba kuna siku aliwahi kusema kwa kufumba. "Nyumba yenu iko ukingoni mwa mfereji. Barabara ya kutoka kwenu kuja kwetu ni moja, nayo iko ukingoni mwa mfereji. Ukifungua dirisha la jikoni unaona nini?"

"Mfereji."

"Basi. Jaribu hiyo dawa. Nitakuja siku ya kuzaliwa ya baba. Kama mpaka siku hiyo huwezi kupita barabara ile kwa gari, mnahamia jengo letu. Ghorofa ya tatu, lifti ipo, chumba cha baiskeli kipo, na hakuna tone la maji."

"Hata bombani?"

"Mama!"

Aafke alicheka, lakini moyo haukucheka. Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi. Alijua ubao upi wa sakafu unalia na upi unanyamaza, alijua jua la Machi linafika kwenye sahani ipi ukutani, na vichaka vya zabibu nyekundu nyuma ya banda alivipanda mwenyewe, akigombana na kila ndege wa wilaya. Sasa yote hayo, kuanzia msingi mpaka vigae, yalikuwa yametundikwa kwenye pua yake.

Chupa ilitakiwa ikae mahali pa baridi. Akaiweka mlangoni mwa friji, kati ya haradali na maziwa ya mgando. Asubuhi na jioni aliketi wima kwenye kiti cha jikoni, akapuliza tundu hili, akapuliza lile, akangoja kutulia. Hakuona malaika. Lakini polepole harufu ya tope aliyokuwa akiisikia katika kila kikombe cha kahawa ilianza kutoweka, na siku moja alisimama dirishani akimenya viazi, akautazama mfereji, na mfereji ukamtazama, na hakuna aliyemfanya mwenzake kitu. Kama ilikuwa dawa, au chumvi, au ni viazi tu, hakujua.

Majirani walikuja kumwangalia. Walileta supu ya njegere, wakaketi, wakazungumzia mvua, huku macho yao yakihesabu kope zake. Akidondosha kijiko, walitazamana. Gerlof hakuna aliyemtazama hivyo, kwa sababu Gerlof alikuwa shujaa. Gazeti la mtaa lilitoa picha yake ameshika mkoba wa Aafke kifuani, na juu yake maneno makubwa: MUME AJITOSA MFEREJINI KUMWOKOA MKEWE. Mtu asiyejua angedhani alikuwa amesimama zake nchi kavu akila jibini.

Shujaa mwenyewe alikuwa na mambo yake. Aliacha kuoga bafuni. Alijifuta kwa kitambaa kwenye sinki, na nywele zake zikang'aa kama nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Mashua yake ndogo, ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuiegemea, alimpa mtu bure. Mkate aliufuata kwa baiskeli, akizungukia mashambani kwa njia ndefu isiyogusa maji. "Mazoezi," alisema. Na gari walilolipata badala ya lile lililozama, la kijivu, tulivu, lilikaa uani chini ya turubai. "Injini inapumzika," alisema. Ilipumzika kutokana na nini, hakueleza, maana ilikuwa haijawahi kutumwa hata dukani.

Aafke aliona yote haya. Lakini alikuwa na pua yake ya kusimamia, na tena jambo jingine lilikuwa linamsumbua: chupa ilianza kukohoa hewa mapema mno. Kwanza alidhani inavuja, akafuta friji rafu kwa rafu. Kisha akadhani yeye ndiye anayepuliza ovyo, na kwa mwanamke wa Westerwiel, ambaye hata chupa ya maziwa ya mgando huikwangua kwa kijiko kirefu mpaka ionekane imeoshwa, hiyo ni shutuma nzito kuliko kuzama.

Siku ya kuzaliwa ya Gerlof ikafika, ile iliyoandikwa kwenye kalenda ya msalani, ambako siku za kuzaliwa za ukoo wote zimetundikwa ili mtu asipate kisingizio. Viti vilipangwa duara sebuleni. Kila aliyeingia alilizunguka duara na kumpa mkono kila aliyeketi: hongera kwa mumeo, hongera kwa kaka yako, hongera kwa baba yako, hongera kwa jirani yako, mpaka ungedhani wote kwa pamoja walikuwa wamemzaa. Kisha kila mtu akapewa kipande kimoja cha keki na kikombe kimoja cha kahawa, wakaanza kusimuliana barabara walizopitia.

"Sisi tumepita ya kaskazini," alisema Hiltje, mke wa Sietse, na Sietse ni kaka yake Gerlof. "Ile ya mfe..." Akauma ulimi. "Ile nyingine ina foleni."

Barabara ya mfereji haijaona foleni tangu iumbwe. Watu wakatazama keki zao.

Aafke akainuka kwenda msalani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alikuwa anataka kurudi alipoisikia ile sauti, sauti anayoijua kuliko sauti ya kengele ya kanisa: fss. Mvuto wa pua. Fss. Kisha pumzi ya mwanamume, ndefu, ya kukatikakatika, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Mlango ukafunguka. Gerlof akasimama chini ya kalenda, mkono mmoja mfukoni.

"Mafua," alisema.

"Pole," alisema Aafke.

Akapita, akajifungia, akaketi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga vitu katika safu moja: nywele, mashua, mkate, turubai, chupa. Watu wote, yeye akiwemo, walikuwa wamemchunga ng'ombe asiye mgonjwa.

Aliporudi kwenye duara, Sietse alikuwa amesimama na glasi yake. "Ndugu zangu, nasema neno moja. Huyu kaka yangu tulikuwa tunamcheka kwa uzito wake. Lakini siku ile! Shemeji, bila huyu ungekuwa wapi leo? Kwa shujaa wetu!"

"Kwa shujaa!" duara likaitikia.

Gerlof aliinua sahani ya keki badala ya glasi. Uma ukaanza kugonga sahani, ka-ka-ka-ka, kama kwato za farasi. Hakuna aliyesikia ila mtu mmoja.

Froukje hakupenda kupoteza muda. "Mama, watu wote wapo, ni bora tuseme. Umeweza kupita ile barabara, au hujaweza?"

Duara zima likaacha kutafuna. Aafke angeweza kusema, "Mwulize baba yako," na neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza pamoja na kahawa.

"Kesho asubuhi," alisema, "mimi na baba yako tutakuja kwako kwa gari, kwa barabara ya mfereji. Tukifika, nyumba inabaki nyumba. Tusipofika, niwekee lifti akiba."

Uma wa Gerlof ukaanguka.

Wageni walipokwisha kwenda, wakizunguka tena duara kushikana mikono, Gerlof alimkuta mkewe jikoni anaosha vikombe. "Umepanga safari bila kuniuliza," alisema.

Aafke akafungua friji. Nafasi ilikuwa wazi kati ya haradali na maziwa ya mgando. Akanyoosha mkono, kiganja juu. Gerlof akatazama dari, akatazama sakafu, kisha akatoa chupa mfukoni na kuiweka kiganjani, ikiwa na joto la paja lake.

"Haya, niambie," alisema Aafke. "Maziwa yameanza kutoka?"

"Usinicheke, mke wangu. Mwanzoni niliona kila siku inabaki kidogo kwenye mrija. Nikasema, kutupa ni hasara."

"Kwa hiyo ni kubana matumizi."

"Mwanzoni."

"Na ulipoulizwa na yule binti ulisema mbili."

"Kulikuwa na watu wenye shida zaidi."

"Watu gani, Gerlof? Chumba kilikuwa na vitanda viwili."

Gerlof alichukua kitambaa, akafuta kikombe kimoja kwa muda mrefu sana, mpaka Aafke akakichukua mkononi mwake akihofia ua lililochorwa juu yake litafutika.

Asubuhi Aafke alimpigia simu Marloes na kumweleza yote, kwa sababu kudanganya utafiti ni jambo moja na kumdanganya mtu aliyevuta kiti ni jingine.

"Mama, basi matokeo yako hayawezi kuhesabiwa tena vilevile. Na ile chupa, tafadhali, asiiguse tena mtu."

"Sayansi itapona?"

"Itapona. Lakini huyo baba ndiye anayenitia wasiwasi. Mlete Alhamisi azungumze na mtu wetu wa ushauri. Si kwa ajili ya utafiti, kwa ajili yake. Na mwambie asije na alama mbili."

"Na ile chupa, ilikuwa ya dawa au ya maji?"

"Sijui. Na ningejua, nisingekwambia."

"Basi shujaa wetu huenda alikuwa anaiba chumvi," alisema Aafke, akakata simu.

Gerlof alikuwa uani, amesimama mbele ya gari kama mtu aliyesimama mbele ya jino la kung'olewa. Turubai lilikuwa bado juu yake.

"Siwezi," alisema.

"Najua. Nani amekwambia uendeshe wewe?"

Aafke alifungua mkoba wake, ule uliookolewa, akatoa leseni yake iliyokauka juu ya kipasha joto na kujikunja kama jani la kabichi. Hakuwa ameendesha kwa miaka mingi, kwa sababu Gerlof ndiye anayeendesha. Hilo halikuwahi kujadiliwa. Lilikuwepo tu, kama kabati. Alivuta turubai, akaketi, akasogeza kiti mbele mpaka tumbo likagusa usukani. Kwenye kioo Froukje alikuwa ametundika nyundo ndogo ya kuvunjia madirisha. Gerlof aliingia upande wa pili, akaichukua, akaishika kwa mikono miwili.

Walikwenda kwa mwendo ambao baiskeli ziliwapita, nyingine zikiwa na watoto juu yake. Mara mbili Aafke alisikia maji masikioni. Aliendelea. Pale ambapo alama za magurudumu zilikuwa bado zinaonekana kwenye majani, akasimamisha gari, akazima, akatoa chupa ya kahawa na kopo la biskuti.

"Shuka."

Wakaketi juu ya majani. Aafke akamimina kahawa, akampa biskuti moja, akachukua moja, akafunga kopo, kama inavyopasa. Mfereji ulikuwa umetulia kwa unyofu wa kuudhi.

"Sasa sema."

Gerlof aliila biskuti yote kwanza. "Mimi nilitoka kwanza," alisema.

Aafke akarudisha kifuniko cha chupa ya kahawa.

"Dirisha la upande wangu lilikuwa wazi. Mkanda wangu ulifunguka. Nikatoka. Nikafika juu, nikapumua. Nikapumua tena. Nikaona mkate unaelea, nikajiuliza, huu ni mkate wa nani? Ndipo nikakukumbuka, Aafke. Baada ya mkate." Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta. "Halafu wananiita shujaa. Kila wakisema, narudi pale juu, napumua, na wewe uko chini."

Baridi ile ya kijani ilimpanda Aafke magotini. Aliutazama mfereji muda mrefu, akalitafuta lile gari chini yake, akajiona amekaa ndani na mkanda wake, peke yake, wakati juu mtu anatafakari mkate. Iliuma. Hakuona sababu ya kusema haiumi.

"Kisha ukarudi," alisema hatimaye.

"Nikarudi."

"Kufuata mkoba."

"Kukufuata wewe! Mkoba ulikuwa umenasa mkononi mwako!"

"Gerlof," alisema Aafke. "Tangu tuoane, kuna mlango wowote uliowahi kuniacha nitangulie? Kanisani siku ya harusi ulitoka mbele, mimi nikabaki nakusanya maua. Sokoni, kwa daktari, kwenye mazishi ya mama yangu mwenyewe. Unatoka, unasimama nje, unapumua, unageuka, unauliza, Aafke yuko wapi? Ndipo unarudi. Kwa nini nitegemee kwamba ndani ya maji ungepata adabu?"

Gerlof alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Ilirudi mara kadhaa, mabega yakitikisika. Aafke hakumshika. Alifungua tena kopo. Katika Westerwiel kopo la biskuti halifunguliwi mara ya pili kwa kahawa moja, hata akija mchungaji. Akalisogeza kwake.

"Chukua nyingine."

"Ya pili?"

"Chukua kabla sijabadili mawazo. Na Alhamisi utakwenda kuyasema haya kwa mtu wa Marloes, vile vile, na mkate wake. Ukisema mbili nitakuacha hapo hospitali."

"Na Froukje je?"

"Froukje aliuliza kama tunaweza kupita. Hakuuliza nani anaendesha."

Wakarudi garini. Gerlof alishika nyundo kwa mkono mmoja sasa, kwa kuwa mwingine ulikuwa na biskuti. Baada ya kona, kwenye majani ya ukingo, akatokea bata na msafara wake, akaingia barabarani bila kutazama kushoto wala kulia, kama aliyelipa kodi zake zote. Gerlof akafumba macho. Aafke hakugusa usukani. Alikanyaga breki, gari likasimama katikati ya barabara, akapiga honi kwa nguvu zake zote. Bata alisimama, akamtazama, kisha akaendelea kwa mwendo wake.

Simu ikalia mkobani. Gerlof akaitoa, akaiweka kwenye sikio la mkewe.

"Mama, saa zinakwenda. Mmekwama wapi?" alisema Froukje.

"Hatujakwama. Tuko kwenye barabara ya mfereji," alisema Aafke. "Tunamsubiri bata."